Udongo wenye njaa hautibiwi kwa dawa ya chupa

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina shamba la ekari moja na nusu. Kwa misimu tisa nimepanda mahindi tu, na mabua huyachoma ili shamba liwe safi kabla ya kulima. Miaka ya mwanzo nilivuna vizuri. Sasa mavuno yanashuka ingawa mbolea ya dukani naiongeza. Mvua ikinyesha maji yanatuama, jua likiwaka ardhi inakakamaa kama saruji. Nimeanza kusoma habari za kilimo cha kuhuisha udongo, lakini kila anayefundisha ana dini yake: huyu anasema nitupe jembe, yule nitupe mbolea, mwingine ananiuzia bakteria kwenye chupa. Nianze kujifunza wapi, na udongo wangu utapona baada ya muda gani?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Weka vitabu pembeni kwanza, chukua beleshi. Subiri siku moja au mbili baada ya mvua ya kutosha, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati mikononi, uchimbe shimo la sentimita 40 katikati ya shamba. Chimba la pili pembezoni, chini ya ua wa miti au mahali pengine ambapo jembe halijafika kwa miaka mingi na watu hawapakanyagi. Mashimo hayo mawili yatakufundisha kuliko mimi, kwa sababu udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichotofautiana ni namna ulivyotendewa.

Kata ukuta wa shimo uwe wima, kisha utazame polepole kuanzia juu. Je, udongo unamomonyoka kwa vipunje vidogo vya duara, au unabanduka kwa vipande bapa kama vigae? Vipande bapa, hasa kati ya sentimita 10 na 20, ni dalili ya tabaka gumu lililoshindiliwa na jembe kwa kupiga kina kile kile kila msimu. Fuata mizizi ya zao lililopita: mzizi unaoshuka ghafla ukapinda kama kiwiko umekwisha kukuonyesha ulipo ukuta. Chomeka kisu toka juu hadi chini, usikie kinapogoma. Nusa pia. Udongo wenye uhai una ile harufu ya mvua ya kwanza, inayotengenezwa na bakteria wa aina fulani. Udongo uliokosa hewa hunuka kama yai viza. Hesabu nyungunyungu, na ukiwakosa usikate tamaa, huenda wamezama chini kukimbia ukame.

Sasa chukua bonge moja kavu kutoka kila shimo, ukubwa wa kidole gumba, uvitumbukize kwenye gilasi mbili za maji. Naona hiki ndicho kipimo bora kwa mtu anayeanza, na hakigharimu kitu. Bonge la pembezoni mara nyingi hukaa, likatoa mapovu kidogo, likabaki na umbo lake. La shambani, nikiyasikiliza maelezo yako, litaporomoka na kuwa uji katika dakika chache. Hilo ndilo jambo linalotokea shambani kwako kila tone la mvua linapopiga ardhi tupu. Vipunje vinavunjika, chembe laini zinaziba vitundu vya juu, gamba linaganda. Maji yanatuama kwa sababu mlango umefungwa, si kwa sababu ardhi imeshiba. Ukitaka kuliona kwa namba, kandamiza kipande cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 15 ardhini, mimina mililita 440 za maji, ambazo ni sawa na mvua ya milimita 25, na upime muda wa kuzama. Rudia pembezoni. Andika tarehe.

Swali linalofuata ni nini kiliyashika mabonge ya pembezoni. Ni gundi. Bakteria wanatoa utelezi, kuvu wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, mizizi inavujisha sukari inayowalisha wote hao. Viumbe hivi vinaishi kwa kula kaboni, yaani mabaki ya mimea, samadi na kile kinachovuja mizizini. Chakula kikikatika, gundi ya zamani inaliwa, mpya haitengenezwi, vipunje vinaachana. Udongo wako una njaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi ningependa ufungue daftari la kaboni kabla hujamfuata mwalimu yeyote. Kila ushauri utakaopewa uupime kwa maswali mawili: unaongeza nini kwenye mapato, na unapunguza nini kwenye matumizi?

Matumizi yako yamekuwa makubwa. Kulima kunavunja vipunje na kuingiza hewa, vijidudu vinakifikia chakula kilichokuwa kimefichwa ndani, vinakila kwa pupa na kuachia nitrojeni. Zao la mwaka huo linanawiri. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka sana unavyofumuka ghafla kwa rutuba mvua ya kwanza inapoulowesha. Ndiyo maana anayewahi kupanda hufaidi. Sasa unganisha hayo mawili, kulima na ukavu wa ardhi tupu, misimu tisa mfululizo. Yale mavuno mazuri ya mwanzo, ndugu yangu, kwa sehemu kubwa ulikuwa unakula mtaji.

Moto nao. Ukichoma mabua, kaboni yake karibu yote inapaa pamoja na sehemu kubwa ya nitrojeni na salfa. Majivu yanabaki na potasiamu, kalsiamu na fosforasi, ndiyo maana mimea inayoota penye majivu hupendeza na kumdanganya mkulima kwamba moto ni mbolea. Upepo au mvua ya kwanza ikiyabeba hayo majivu, umepoteza na hicho.

Upande wa mapato nataka tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo wauza matumaini wanapokosea. Ekari moja na nusu ni kama hekta 0.6. Udongo wa sentimita 20 za juu, kwa ujazo wa kawaida, una uzito wa tani zipatazo 1,560. Kuongeza asilimia moja tu ya mboji, yaani mabaki yaliyokwisha kuoza na kuungana na udongo, katika kina hicho ni tani karibu 16 za mboji iliyotulia. Mabaki makavu yakishaoza kwa miaka michache, kinachobaki kuwa mboji ni kama sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano. Shamba lako likikupa mabua makavu tani mbili kwa msimu, na usichome hata moja, unaweka akiba ya kilo 200 hadi 400. Gawanya mwenyewe. Atakayekuahidi asilimia mbili za ziada ndani ya miaka miwili kwa mabua peke yake hajawahi kushika kalamu.

Wala hesabu hiyo haijatoa kile kinachoendelea kuoza. Kule Rothamsted, Uingereza, majaribio ya ngano yaliyoanza mwaka 1843 yana kiwanja kinachopewa samadi tani 35 kwa hekta karibu kila mwaka mpaka leo. Mboji yake ni zaidi ya maradufu ya kiwanja kisichopewa kitu, lakini imefika huko kwa kupanda taratibu, miongo kwa miongo. Na kuna kiwanja kingine hapo hapo, cha shayiri, kilichopewa samadi kuanzia mwaka 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa. Zaidi ya karne moja baadaye kilikuwa bado na kaboni nyingi kuliko jirani yake ambaye hakuwahi kupewa. Udongo ni mzito wa kusahau, wema na ubaya.

Kwa hiyo usubiri miaka hamsini? Hapana. Tatizo lako kubwa kwa sasa, lile gamba, liko kwenye sentimita mbili za juu. Uzito wa tabaka hilo ni moja ya kumi ya hesabu ile. Tani moja na nusu za mboji hapo juu zinabadilisha sura yake. Matandazo pia hufanya kazi kabla hayajaoza: tone la mvua linapiga bua badala ya kupiga udongo, na mlango unabaki wazi. Tofauti ya maji kuzama unaweza kuiona msimu wa kwanza. Vipunje vya juu kushikana, panga misimu mitatu hadi sita. Mboji kupanda kwa kiasi ambacho maabara itakipima bila ubishi, fikiria miaka kumi. Utasikia pia kwamba asilimia moja ya mboji huufanya udongo ushike maji mengi ajabu. Namba zinazozungushwa zimetiwa chumvi. Faida kubwa ya maji inatokana na mvua kuingia ardhini badala ya kukimbia juu yake.

Kwa kuwa mabua hayatoshi, mapato mengine yatoke wapi? Kwenye mizizi. Kaboni inayoingia kwa njia ya mizizi hukaa udongoni muda mrefu kuliko ya majani yaliyodondoka juu, kwa kuwa inatolewa pale pale panapotakiwa, ndani ya vipunje. Shamba lako lina mizizi hai kwa miezi mingapi kwa mwaka? Kama ni minne, basi udongo unafunga miezi minane. Ndiyo maana ya kuchanganya mazao: kupenyeza mbaazi, kunde, fiwi au marejea katikati ya mahindi, ili mahindi yanapokauka kuwe na kitu bado kinakula jua. Mbaazi naipenda zaidi kwa hali yako, kwani mzizi wake hushuka sana na hubaki kijani wakati nafaka imekwisha kuvunwa.

Mikunde ina kazi ya pili, ya nitrojeni, nayo usiichukulie kwa imani. Wiki sita hivi baada ya kuota, ng'oa mche mmoja kwa uangalifu na upasue vinundu vya mizizini kwa ukucha. Ndani vikiwa vyekundu au vya waridi, bakteria wako kazini. Vikiwa vyeupe au vya kijani, hawafanyi kitu, na mara nyingi sababu ni udongo kuwa na tindikali nyingi au kukosa fosforasi. Kumbuka pia kwamba punje ukishazivuna na kuziuza, sehemu kubwa ya nitrojeni imeondoka nazo. Zao la mikunde linalovunwa lote hadi majani haliachii shamba kitu cha kujivunia.

Tahadhari ya mabua: usiyafukie chini karibu na kupanda. Bua la mahindi lina kaboni kama mara 60 ya nitrojeni yake, ilhali vijidudu vinavyolila vinataka mlo wenye uwiano wa kama 24 kwa 1. Upungufu huo wa nitrojeni vinaufidia kwa kuichota udongoni, na mahindi yako yanabaki ya njano wiki kadhaa. Watu wengi waliacha njia hii msimu wa kwanza kwa sababu hiyo tu, wakidhani matandazo ni sumu. Yaache juu ya ardhi, yaoze yakianzia chini. Mchwa wakija, wengi huogopa. Lakini mchwa wakikosa mabaki ndipo huelekea kugeukia mmea. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, kuanzia miaka ya 1980, alichimba mashimo madogo ya kupandia, yaitwayo zai, kwenye ardhi iliyokauka hadi kuwa gamba, akayatia samadi wakati wa kiangazi makusudi ili mchwa waje. Vitundu walivyotoboa mchwa hao vikawa mifereji ya maji ya mvua. Alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, na ardhi iliyomfanya aitwe mwendawazimu ikawa msitu.

Kuhusu kutupa jembe nitakueleza kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilirudi kutoka mafunzoni nimelewa maneno "usilime kabisa", nikaacha kulima kipande chote kwa siku moja. Mabua yalikuwa yameliwa na mifugo, kwa hiyo ardhi ilikuwa tupu. Tabaka gumu sikuligusa. Msimu ule nilipata magugu mengi kuliko mahindi, na ardhi ikawa ngumu kuliko ya waliolima. Baadaye, mwaka 2015, uchambuzi uliokusanya tafiti 610 na kuchapishwa katika jarida la Nature ulionyesha jambo lile lile kwa upana wake: kuacha kulima peke yake kwa wastani hupunguza mavuno, hasara hupungua ukiunganisha na matandazo pamoja na mzunguko wa mazao, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno yanaweza hata kupanda. Mambo hayo matatu ndiyo nguzo ambazo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inaziita kilimo hifadhi, na yametajwa pamoja kwa sababu.

Kwa hiyo, kama kisu kiligoma, livunje tabaka gumu mara moja, udongo ukiwa mkavu ili upasuke badala ya kufinyangika. Baada ya hapo chimba mashimo ya kupandia tu au mfereji mwembamba wa mstari, na katikati pasiguswe. Rudi kwenye mashimo yale yale kila msimu, rutuba ijikusanye hapo. Palizi itakuwa nzito misimu miwili ya kwanza, sitakuficha. Matandazo yakiwa mazito na mikunde ikifunga nafasi, kazi inapungua.

Mbolea ya dukani usiitupe sasa. Udongo uliozoea kupewa na usio na akiba ukinyimwa ghafla utakupa njaa nyumbani, na mimea dhaifu ina mizizi kidogo, kwa hiyo daftari la kaboni linazidi kuchechemea. Nitrojeni ipo hewani na mikunde inaweza kuileta. Fosforasi na potasiamu hazitoki hewani. Kila gunia linalotoka shambani limebeba kiasi, na lazima kirudi kwa njia fulani. Anayekwambia udongo ukiwa hai utajitengenezea fosforasi anakudanganya: kuvu wa mizizini husaidia kuifikia ile iliyofungwa, hawaiumbi. Punguza mbolea kidogo kidogo, kipande kimoja kwanza, kadiri samadi na mikunde vinavyoziba pengo.

Lakini kabla hujanunua mfuko mwingine, peleka udongo maabara. Chukua vijiko vya beleshi kumi hadi kumi na tano, vya sentimita 0 hadi 20, kwa kuzunguka shamba zima, uvichanganye, upeleke nusu kilo. Nataka kuona pH hasa, yaani kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi. Mbolea zenye amonia, na hata urea, zikitumika miaka mingi huongeza tindikali. Chini ya 5.5 hivi aluminiamu huanza kuyeyuka na kuichoma mizizi, na fosforasi unayomwaga inafungwa. Mkulima anaongeza mbolea, mavuno yanashuka, anaongeza tena: hiyo hadithi inafanana mno na yako. Ikiwa ndivyo, chokaa kwa kiasi ambacho maabara imeandika itakufaa kuliko kitu kingine chochote kwenye jibu hili, mikunde ikiwemo.

Ile chupa ya bakteria iache dukani. Gramu moja ya udongo inaweza kuwa na bakteria hadi bilioni. Wako wapo, hawana chakula wala kivuli. Kuongeza wageni kwenye nyumba yenye njaa hakupiki ugali. Isipokuwa kwa jambo moja: ukipanda mkunde ambao haujawahi kupandwa hapo, soya kwa mfano, kirutubisho cha rizobia, yaani wale bakteria wa vinundu vya mizizini, kinachopakwa kwenye mbegu husaidia kweli, mradi kiwe hai na hakikupigwa jua.

Mifugo ni msaada kama samadi yake inafunikwa isipoteze amonia, na kama wanyama hawaruhusiwi kula matandazo yote. Samadi ya kuletwa kutoka nje ijaribu kwanza: panda maharagwe kwenye kopo lenye samadi hiyo na udongo. Majani yakijikunja, kuna mabaki ya dawa ya magugu iliyopita tumboni mwa mnyama bila kuharibika. Usiimwage.

Sasa kujifunza. Neno "kuhuisha" halina tafsiri moja inayokubalika dunia nzima, tofauti na kilimo hai ambacho nchi nyingi zina kanuni zake za vyeti. Hivyo mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye bidhaa yake. Kila mwalimu muulize mambo matatu: shamba lake lina udongo wa aina gani na mvua kiasi gani, kaboni ya ziada inatoka wapi, na ni mwaka upi mavuno yalishuka. Asiyekuwa na mwaka wa kushuka, muage kwa adabu.

Msimu ujao usibadilishe shamba lote. Tenga vipande vitatu vya upana sawa. Kimoja endelea ulivyozoea, ila bila moto. Cha pili weka matandazo na mbaazi katikati ya mahindi. Cha tatu fanya kama cha pili, pamoja na kuvunja tabaka gumu na kupanda kwenye mashimo yenye samadi. Panda siku moja, mbegu moja, upime mavuno kwa mzani, kipande kwa kipande. Rudia kile kipimo cha bomba mwanzoni na mwishoni mwa msimu.

Ukishachimba, niandikie mambo mawili: kisu kiligoma sentimita ya ngapi, na pH ilisoma ngapi. Ikiwa tabaka gumu liko kwenye kina kinachozidi sentimita 25, kulivunja kwa jembe la mkono utajiumiza bure, na hapo nitakushauri uachie mbaazi ifanye kazi hiyo misimu miwili. Ikiwa pH ni chini ya 5, tuahirishe mikunde yote hadi chokaa iingie.